Linux kwa Kompyuta Kuukuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye laptopu au kompyuta ya mezani iliyochoka, asiyewahi kugusa Linux (mfumo unaoweza kuchukua nafasi ya Windows), na asiye na haja ya kuwa fundi. Maswali ni yale yale yanayorudi kwenye meza za matengenezo hapa mjini. Mengine yana jibu la sentensi moja, mengine yanataka tukae kitako. Ukiwa na haraka, soma swali la kwanza kuhusu mashine yako na lile la “nichukue ipi”, kisha nenda zako.

Nitajuaje kama kompyuta yangu bado inafaa?

Kabla ya kutafuta jina la distro (yaani aina ya Linux, tutaieleza hapo chini), tafuta mambo matatu kuhusu mashine: prosesa (ubongo wa mashine) ni ya biti 32 au 64, RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika kazi ulizofungua) ni kiasi gani, na diski ni ya aina gani. Wengi huja wakitaja mwaka walioinunua. Mwaka huo hausemi kitu. Mashine nyingi za ex-UK zinazoshuka Kilindini zilikwisha kufanya kazi ofisini ng’ambo miaka kadhaa kabla ya kupangwa kwenye kabati la kioo la duka la mjini.

Kama ni Windows 10 na bado inawaka, fungua Settings, ingia System, kisha About. Utaona ukubwa wa RAM na jina la prosesa. Usishtuke ukikuta maneno “32-bit operating system”. Hiyo ni Windows iliyowekwa, si mashine yenyewe. Soma maneno yanayofuata: yakisema x64, prosesa yako ni ya biti 64 na mlango uko wazi. Kuna kompyuta nyingi sana zilizowekewa Windows ya biti 32 kwa mazoea tu, mwenyewe akaamini miaka yote kwamba mashine yake haiwezi zaidi.

Kama haiwaki kabisa, soma stika iliyobandikwa karibu na kibodi. Core i3, i5 na i7 zote ni za biti 64. Core 2 Duo, zilizoanza kutoka 2006, nazo ni za biti 64. Za kutilia shaka ni Pentium M, Core Duo (ile isiyo na “2” katikati), na vilaptopu vidogo vya 2008 na 2009 vyenye Atom N270 au N280. Hivyo ni vya biti 32 peke yake.

Kuhusu diski, weka sikio. Ikivuma au kukwaruza, ni ya zamani ya kuzunguka. Ikinyamaza kimya, huenda ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Vilaptopu vya bei nafuu vya miaka ya karibuni vyenye Celeron huwa na hifadhi ya GB 32 iliyochomelewa ubaoni. Hivi Windows huvishinda si kwa umri, bali kwa kukosa nafasi ya masasisho.

Kwani Windows 10 imekufa? Yangu mbona bado inawaka?

Itaendelea kuwaka. Kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025 ni masasisho ya bure ya usalama kwa mtumiaji wa kawaida. Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa anayejiandikisha, unaofika Oktoba 2026. Windows 11 nayo inataka kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha 8 kuendelea. ThinkPad T420 ya 2011 au EliteBook 840 G1 haimo kwenye orodha hiyo, ingawa ni mashine imara kushinda nyingi zinazouzwa leo zikiwa mpya.

Kuna wanaoilazimisha Windows 11 iingie kwa njia za panya. Inaingia. Lakini kama kilio chako kilikuwa uzito wa Windows 10, utakuwa umeongeza mzigo juu ya mzigo.

Linux ni kitu gani, na distro ni kitu gani?

Linux ni kiini cha mfumo wa kompyuta kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Kiini peke yake hakikufai kitu. Watu hukichukua, wakakivisha madirisha, menyu, programu na njia ya kusasisha, wakakipa jina. Huo mkusanyiko ndio distro. Fikiria matatu: chesisi na injini ni zile zile, ila kila mtengeneza bodi ana viti vyake, taa zake na kelele zake. Ndiyo maana mtu akikwambia “Linux ni ngumu”, muulize alipanda ipi.

Nyingi tutakazozitaja ni za ukoo mmoja. Debian ndiyo mama. Ubuntu ilitoka kwa Debian mwaka 2004, na Linux Mint ikatoka kwa Ubuntu mwaka 2006. MX na antiX zimejengwa moja kwa moja juu ya Debian. Ukijifunza moja, nyingine hazitakupa taabu.

Basi nichukue ipi? Nataka jina moja.

Mashine ya biti 64 yenye RAM ya GB 4 au zaidi: Linux Mint, toleo la Xfce.

Sababu si kwamba ndiyo nyepesi kuliko zote. Sivyo. Ikiwa imetulia bila kazi, hula karibu GB 1 kasoro kidogo ya RAM, na zipo zinazokula chini ya nusu ya hapo. Sababu ni kwamba mtu aliyezoea Windows 7 hakai mbele yake akapotea. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, folda zinafunguka kwa kubofya mara mbili, na sasisho likiwepo kitufe chake kinajitokeza chenyewe. Mint 22 itapata masasisho hadi 2029. Linganisha na Lubuntu na Xubuntu, ndugu nyepesi za Ubuntu, ambazo matoleo yake ya muda mrefu hupewa miaka 3. Kwa mtu asiyependa kuisumbua kompyuta yake, hiyo tofauti ya miaka ni kubwa.

Kuna sababu nyingine isiyoandikwa kwenye kurasa za sifa: Mint na Ubuntu ndizo ambazo majibu yake yamejaa kila mahali. Ukikwama saa 5 usiku, ukaandika tatizo lako kama lilivyo, utakuta mtu alishakwama hapo hapo. Distro nyepesi sana isiyo na watu itakugeuza fundi kwa nguvu.

Mint hutoka kwa sura tatu. Cinnamon ni ya kupendeza na ni nzito zaidi kidogo. MATE iko katikati. Kwa mashine kuukuu chukua Xfce bila kujiuliza mara mbili, hata kama picha za Cinnamon zimekupendeza.

Yangu ina GB 2 tu.

Mint Xfce itaingia, maana watengenezaji wenyewe wametaja GB 2 kuwa kima cha chini. Itawaka, itaandika barua, itacheza muziki. Shida itaanza ukifungua kivinjari chenye vichupo vitano.

Ningekuelekeza MX Linux. Ni kazi ya pamoja ya jamii ya antiX na watu waliokuwa wakitumia distro ya zamani ya MEPIS, nayo ina sanduku la zana zake yenyewe ambalo humwondolea mgeni shughuli nyingi za kuandika amri. Toleo la Xfce linafaa. Lile la Fluxbox ni jepesi zaidi, lakini sura yake itakushangaza siku za kwanza. Lubuntu pia ni chaguo la heshima.

Jambo moja la kufanya kwenye mashine ya GB 2, distro yoyote iwayo: weka zram. Hii huzibana data zilizomo ndani ya RAM ili zitoshe nyingi zaidi kabla mfumo haujaanza kukimbilia diski. Kwenye Mint na MX, kifurushi cha programu kinaitwa zram-tools. Ukishakiweka, fungua faili la /etc/default/zramswap ukiwa na ruhusa ya msimamizi, andika PERCENT=50, hifadhi, kisha uzime kompyuta na kuiwasha. Haitakupa GB 4, lakini ule mgando wa kila dakika utapungua.

Na kabla ya hayo yote, uliza bei ya RAM. Tutalirudia.

Na ile ya GB 1? Au ya biti 32?

Hapa lazima tusemezane ukweli. Dunia inafunga milango ya biti 32. Mint kuu iliiacha mwaka 2020. Google Chrome iliiacha kwa upande wa Linux tangu 2016. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake. Firefox nayo iliiacha kuanzia toleo la 145, mwaka huo huo wa 2025.

Kilichobaki cha maana ni antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12. Usaidizi wa muda mrefu wa Debian 12 umepangwa kufika Juni 2028. antiX hukubali kufanya kazi hata kwenye RAM ya MB 256, na ikitulia hula MB mia mbili na kitu hadi mia tatu. Kwa sura haijipambi: ni kavu, menyu zake zina vitu vingi vyenye majina ya ajabu, na siku ya kwanza utajiuliza umeingia wapi. Lakini mashine ambayo ilikuwa inangoja kutupwa itaandika, itasoma PDF, itacheza Kurani au muziki, na itamfundisha mtoto kuchapa.

Puppy Linux ni njia nyingine. Ilianzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, na hujipakia yote kwenye RAM, hivyo inaweza kuishi ndani ya flashi hata kama diski imekufa. Nzuri kwa kuokoa faili. Kwa matumizi ya kila siku ya mgeni, siipendekezi, kwa sababu namna yake ya kuhifadhi kazi huwachanganya watu.

Usitarajie YouTube kwenye hiyo mashine. Na usinunue RAM wala betri kwa ajili ya kompyuta ya biti 32. Pesa hiyo iweke pembeni kwa ajili ya ile utakayonunua baadaye.

Kijana wangu anasema niweke Kali.

Hapana, mama. Kali ni zana ya watu wanaojaribu usalama wa mitandao kwa kazi. Haikutengenezwa kuwa kompyuta ya nyumbani, na watengenezaji wake wenyewe hawaipendekezi kwa anayeanza. Kijana anataka kujifunza hayo mambo, jambo zuri. Aanze na Mint au Debian, ajue kwanza faili hukaa wapi na ruhusa hufanya kazi vipi.

Niliambiwa nikiweka Linux kompyuta itakuwa mpya. Mbona kivinjari bado kinakwama?

Hili ndilo swali lenye masikitiko mengi kuliko yote. Distro nyepesi hupunguza unachokula mfumo. Haipunguzi unachokula mtandao wenyewe. Ukurasa mmoja wa habari, pamoja na matangazo na video zinazojicheza zenyewe, unaweza kula RAM kuliko eneokazi lote la antiX. Kwa hiyo mtu anayebadilisha distro kila wiki akitafuta ile itakayomfungulia Facebook kwa upesi anafukuza kivuli. Weka uBlock Origin, kizuizi cha matangazo, kwenye Firefox, fungua vichupo vichache, na video itazame kwa ubora wa 480p au chini ya hapo. Utaona tofauti kubwa kuliko kuhama kutoka Xfce kwenda LXQt, eneokazi la Lubuntu.

Halafu kuna chuma chenyewe. Kwa mashine ya biti 64, kutoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD ya SATA, hata ya GB 120, hufanya kazi ambayo hakuna distro itakayoiweza. Dakika za kungoja iwake hugeuka sekunde. Diski ya kuzunguka yenye umri wa miaka kumi pia iko njiani kufa, na ikifa haikutumii barua. Nunua SSD kabla ya kuweka Linux, si baada yake, usije ukafanya kazi mara mbili.

Baada ya SSD ndipo RAM. Laptopu za 2011 hadi 2014 nyingi hutumia DDR3 ndogo ya laptopu. Tazama kama ya kwako imeandikwa PC3 au PC3L. PC3L hutumia volti 1.35, PC3 volti 1.5, na mashine nyingine za Haswell (Intel kizazi cha 4) kuendelea hukubali PC3L peke yake. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Hata pale duka la Moi Avenue linapokwambia “zote sawa hizo”, linganisha maandishi.

Kisha hewa ya hapa kwetu. Mombasa ina joto, unyevu na chumvi, na laptopu iliyokaa karibu na dirisha la upande wa bahari hupata kutu kwenye miguu ya RAM. Kompyuta inalia mlio wa ajabu au haiwaki, mwenyewe anafikiri imekufa. Mara nyingi ni kuitoa RAM, kuisugua miguu yake taratibu kwa kifutio cha penseli, na kuirudisha. Feni nayo hujaa vumbi, prosesa ikachemka, na prosesa ikichemka hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Utalaumu Linux bure. Fundi aisafishe feni na kubadilisha ile pesti iliyokauka juu ya prosesa. Na tafadhali, laptopu haikai juu ya godoro. Panga boi la darini halipoozi kitu kilichozibwa matundu kwa chini.

Nitapakuaje bila kumaliza bando?

Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, na bado mtu wa Kisauni anahesabu megabaiti. Faili la Mint Xfce ni takribani GB 3. Puppy huwa chini ya GB 1.

Usipakue kwa simu ukiwa ndani ya matatu. Tafuta mahali penye waya: chuoni, ofisini kwa rafiki, au saiba inayotoza kwa saa badala ya kwa kiasi. Pakua kwa torenti ukiweza, maana ikikatika katikati huendelea pale ilipoachia. Bora zaidi, muulize aliye nalo akunakilie. Kunakili distro hizi na kugawiana ni halali kabisa, ndivyo zilivyokusudiwa. Ila faili lililopita mikono mingi lihakiki: linganisha namba yake ya sha256 (alama ndefu inayolitambulisha faili) na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya distro yenyewe. Zisipolingana hata kwa herufi moja, lifute.

Bakisha bando kidogo kwa masasisho ya kwanza baada ya kusakinisha. Huwa mengi.

Nitaiwekaje? Hatua kwa hatua.

Ukitaka kuruka, agana na nyonga. Nakili kwanza picha, hati na chochote usichotaka kulilia, uweke kwenye diski ya nje, kisha uchomoe diski hiyo na kuiweka mbali. Watu wamefuta harusi zao kwa kubofya mahali pasipo.

Tafuta flashi ya GB 8 ambayo haina kitu cha maana, kwa sababu itafutwa. Kwenye Windows tumia Rufus au balenaEtcher kuandika lile faili la distro ndani yake. Kulikokota faili na kulibandika kwenye flashi kama wimbo hakutafanya kazi. Ukipenda kujaribu distro kadhaa, tumia Ventoy: hiyo huitayarisha flashi mara moja, na baadaye unabandika mafaili ya distro kama kawaida.

Zima kompyuta, chomeka flashi, iwashe huku ukigonga kitufe cha kuchagua njia ya kuwaka. Dell, Lenovo na Toshiba nyingi ni F12. HP ni F9, au Esc kwanza kisha F9. Acer ni F12, lakini mara nyingine lazima uiruhusu kwanza ndani ya BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe. Chagua flashi.

Mint itafunguka ikiwa ndani ya flashi bila kugusa diski yako. Hapa ndipo wengi hukimbilia kubofya kisakinishi. Tulia. Jaribu wifi. Cheza sauti. Fungua kamera. Punguza mwangaza wa skrini. Funga kifuniko, kifungue, uone kama inaamka. Kama kitu muhimu hakifanyi kazi hapa, jaribu distro nyingine kabla ya kufuta chochote. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi, usiihukumu kwa mwendo huo.

Ukiridhika, bofya ikoni ya kusakinisha. Maswali ni machache: lugha, kibodi, mahali ulipo (chagua Nairobi kwa saa), jina na nenosiri. Lile la hatari ni moja tu, linalouliza kuhusu diski. “Erase disk” maana yake ni kufuta kila kitu, si kusafisha.

Naweza kubaki na Windows pembeni?

Unaweza, na kisakinishi cha Mint kitakupa chaguo hilo. Kabla ya hapo, ndani ya Windows zima Fast Startup (ile njia ya kuzima nusu ili iwake upesi), na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, hifadhi ufunguo wake au uondoe kufuli hilo. Lakini diski ya GB 128 ikigawanywa, mifumo yote miwili hubanana. Kwa mashine kuukuu napendelea mfumo mmoja. Anayeogopa, aweke Linux kwenye SSD mpya na diski ya Windows aifunge kwenye bahasha, aiweke kabatini.

Wifi haionekani kabisa.

Mara nyingi ni kadi ya Broadcom, ambayo draiva yake (programu inayoiendesha) haiji pamoja na distro. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa ile huduma ya kugawa intaneti kwa USB, na kompyuta itapata mtandao papo hapo bila draiva yoyote. Kisha fungua Driver Manager kwenye Mint, itakuonyesha draiva inayofaa. Iweke, uzime, uwashe.

Stima ikipotea katikati ya kazi?

Mfumo wa faili wa ext4, unaotumika na nyingi ya distro hizi, huweka kumbukumbu ya mabadiliko yake na kwa kawaida hujirekebisha ukiwasha tena. Barua uliyokuwa hujaihifadhi ni shauri lingine: kwenye LibreOffice weka hifadhi ya kiotomatiki kila dakika 5. Hatari hasa ni stima kupotea wakati mfumo unajisasisha. Kama betri ya laptopu imekufa, usisasishe wakati wa mvua kubwa. Na mapema kabisa, washa Timeshift, ambayo huja na Mint. Hupiga picha ya mfumo, na sasisho likiharibika unarudi nyuma. Hainakili hati zako usipoiambia, kwa hiyo isikupe usingizi wa bure.

Je, Word na Excel? KRA? eCitizen?

LibreOffice hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Kinachowaudhi watu ni mpangilio kuruka: barua ya ukurasa mmoja inageuka miwili. Mara nyingi chanzo ni fonti. Weka Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana sawa na Calibri na Cambria. Fonti za Liberation zinazolingana na Arial na Times New Roman huwa zipo tayari. Ukimpelekea mtu hati ambayo hataibadilisha, mtumie PDF, yaishe.

eCitizen ni ya kivinjari, haijali mfumo wako. Ritani ya KRA ya mwajiriwa mwenye mshahara tu hujazwa ndani ya tovuti ya iTax. Yenye kusumbua ni ile ya kupakua faili la Excel lenye makro (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili), kwa sababu LibreOffice haitekelezi makro zote za Excel. Hiyo nenda kaifanye saiba. WhatsApp Web hufanya kazi. Zoom ina programu ya Linux. Teams tumia kivinjari.

Kama kazi yako ya kila siku ni Photoshop, AutoCAD au QuickBooks ya kompyuta ya mezani, usihame. GIMP na Inkscape ni nzuri, lakini mteja aliyekuletea faili la Photoshop hatakuelewa.

Printa yangu itafanya kazi?

HP nyingi, ndiyo, kupitia HPLIP, draiva ya HP kwa Linux. LaserJet 1020 na P1102, zilizojaa kwenye saiba zetu, huhitaji kiongezi kimoja kinachopakuliwa kutoka HP, kwa hiyo uwe na intaneti siku ya kuiunganisha. Epson za tangi la wino zina draiva ya Linux na hazisumbui sana. Canon ndogo za leza ndizo za kuulizia kwanza. Tafuta namba kamili ya printa pamoja na neno Linux kabla ya kuhama.

Nina saiba. Niweke mashine zote?

Weka mbili kwanza, zile za karibu na kaunta, uone wateja wanauliza nini. Chagua distro moja kwa zote, hata kama mbili zingeweza kubeba nzito zaidi. Utajifunza tatizo moja na kulitatua kila mahali. Ndani ya mipangilio ya dirisha la kuingilia la Mint kuna ruhusa ya mgeni. Iwashe. Mteja akimaliza na kutoka, kila alichopakua na kila akaunti aliyoisahau wazi hufutika. Kwa saiba, hicho peke yake ni sababu ya kuhama. Bakisha mashine moja ya Windows yenye Excel kwa ajili ya zile ritani na faili za ofisi zenye makro.

Nahitaji antivairasi?

Kwa matumizi ya kawaida, hapana. Sasisha, na usiweke programu kutoka tovuti usizozijua. Flashi ya mteja inaweza kubeba virusi vya Windows, ambavyo havitakudhuru wewe ila vitamfikia mwenzako ukimnakilia.

Lazima nijue kuandika amri?

Kwenye Mint unaweza kuishi mwaka mzima bila. Mbili tu zikariri: “free -h” hukuonyesha RAM iliyobaki, na “sudo apt update” huangalia masasisho pale kitufe kinapogoma. Usibandike amri usiyoielewa inayoanza na sudo, hata kama aliyekutumia ni binamu yako.

Ipo kwa Kiswahili?

Kwa sehemu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na hadi leo LibreOffice ina sura ya Kiswahili unayoweza kuiongeza. Eneokazi lenyewe tafsiri zake ni za vipande, utakutana na menyu nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Wengi huishia kuacha Kiingereza.

Nikishindwa, naweza kurudi Windows?

Ndiyo. Mashine zilizotoka na Windows 8 au 10 huwa na ufunguo wake ndani ya ubao wenyewe, na kisakinishi cha Windows huuona bila kukuuliza. Za Windows 7 zina stika yenye namba, kwa kawaida chini ya laptopu au ndani ya nafasi ya betri. Ipige picha leo, kabla haijafutika kwa jasho. Kwenye kompyuta ya Windows pakua chombo cha kutengenezea flashi kutoka Microsoft, na ukifika kwenye swali la diski futa sehemu zote za Linux. Diski ya nje uliyohifadhia faili iwe katika mfumo wa exFAT au NTFS, maana Windows haisomi ext4.